Silinda Mbili Chini ya Ubao

Ukitaka kujua nani kamgeuka nani mtaani, usisumbue askari. Nenda kwenye benchi la Bi Birika, pale ukuta wa yadi ya maboksi unapokata kona. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mpana, umelika katikati kwa makalio ya watu wasio na haraka. Ubao umelala juu ya silinda mbili za chuma zilizokufa, moja kila mwisho, zimepandishwa juu ya matofali. Fimbo za silinda hizo zimechomoza mbele kama ndimi za mbwa waliochoka, na kila anayefika hukwangua tope la viatu hapo kabla ya kukaa. Nyuma ya kigoda cha Bi Birika kuna mlango wa chuma uliopachikwa ukutani. Haufunguliwi. Makaa ya jiko huupasha moto, naye huegemeza mgongo hapo, maana mgongo wa miaka sitini na saba hauna makuu, hushukuru popote. Kahawa yake ni chungu, maneno yake ni machungu zaidi, na watu hurudi kwa vyote viwili.

Asubuhi hiyo alikuwa akilishika birika la moto kwa mkono wa shati. Shati lilikuwa la kazi, la bintiye wa mwisho, na mkono huo ulikuwa umechanika begani kama kitu kilichotafunwa. Ulitafunwa kweli. Ndani ya ukuta ule kuna mashine ya kugandamiza maboksi makuukuu. Silinda moja nene iliyosimama wima, fimbo yake ikisukumwa na mafuta, husukuma bamba la chuma mpaka rundo la maboksi ligeuke robota gumu kama tofali. Kisha silinda hiyohiyo hulivuta bamba juu na kulishikilia, binti apate kuingiza mikono chini na kupitisha waya. Kusukuma, kuvuta, kushika. Wiki iliyopita silinda ilikumbuka mawili ya kwanza, la tatu ikalisahau. Bamba lilishuka lenyewe, taratibu, bila kelele, kama kope za mlinzi. Binti aliuwahi mkono wake. Wa shati hakuuwahi. Bi Birika alipoletewa habari alikiomba kile kipande, akakifua, akasema kitambaa kizito hakitupwi.

Sasa mashine ilitaka silinda nyingine, na wa kuchagua alikuwa mkwe wake, mume wa binti huyohuyo, fundi wa yadi. Mtaani wanamwita Nati, kwa sababu hukaza mdomo kama anavyokaza nati. Wauzaji wawili walikuwa wameleta silinda mbili za namna mbili, zimelala uani chini ya turubai, na bosi alikuwa anakuja saa nne kuambiwa ifungwe ipi. Saa tatu ilikwisha pita. Ikifungwa mbovu, mikono ya kwanza kuingia chini ya bamba ni ileile.

— Kunywa, mkwe wangu, — Bi Birika alimwambia. — Kisha utueleze. Umezizunguka siku nne kama kuku anayetafuta pa kutagia. Zina tofauti gani?

Nati alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakaa pembeni kabisa mwa ubao, mbali na mama mkwe kwa adabu. Alieleza akitazama kahawa. Ya kwanza ni ya nondo. Bomba liko katikati, lina kifuniko juu na kifuniko chini, na nondo nne ndefu zinavibana vifuniko hivyo kwa nati. Ikivuja, unaifungua kwa spana zako mwenyewe, unabadilisha mipira ya ndani, unaifunga, kazi inaendelea. Ubaya wake ni kwamba ikikamuliwa sana nondo hurefuka na nati hulegea. Ya pili ni ya kuchomelewa. Bomba na kitako chake ni kitu kimoja, ni nene, ni fupi, inavumilia mateso. Lakini ikiugua haitibiwi nyumbani. Inakwenda karakana yenye mashine ya kukereza chuma, nanyi mnakaa kusubiri.

— Basi ni ya nondo, — alisema Kamati, na kikao kikafunguliwa.

Kamati alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini. Tangu astaafu hawezi kutia sukari bila kwanza kuomba maoni. Yeye ndiye aliyekwenda kwa bosi kumwombea Bi Birika sehemu hii, pale mama huyo alipofukuzwa kwenye bomba la maji ili uchimbwe mtaro. Bosi alimuuliza huo mlango wa nyuma utafunguliwaje na watu wamekaa mbele yake, Kamati akamjibu kwa sauti ya ofisini kwamba nyumba njema si mlango. Bosi, ambaye alikuwa na simu sikioni, aliitikia kwa kichwa. Kamati hajaacha kuisimulia siku ile.

— Ya nondo, — alirudia. — Kitu kinachofunguka ni kitu cha uwazi. Na wahenga wamesema penye wazee haliharibiki neno. Nondo nne hizo ni wazee wanne, wanakaa kikao mchana na usiku.

— Nondo nne ni nati nane, — alisema Shahidi, — na nati nane ni wezi wanane.

Shahidi ni mshona viatu. Sanduku lake la kazi liko ng'ambo ya barabara, lakini mwenyewe yuko benchini. Jina amelipata kwa kuwa ameshuhudia kila kitu kilichotokea mtaani, pamoja na vilivyotokea siku alizokuwa kitandani na homa.

— Kwa hiyo wewe unataka ya kuchomelewa, — Kamati alisema.

— Sijasema. Kilichochomelewa kimefichwa. Kwa nini mtu achomelee kitu kama hakuna anachoficha? Na ile rangi yake mmeiona? Nimeigusa nikaacha alama ya kidole. Ile silinda imechomolewa kwenye katapila lililozama mtoni, ikapakwa rangi, ikaambiwa wewe leo ni bibi harusi.

Bi Birika alimuuliza ni mto gani. Shahidi alisema mto hauna maana, yeye anazungumzia katapila. Kamati akaona bora kikao kirudi kwa wauzaji wenyewe, maana walimtia shaka tangu walipofika. Wa kwanza alikuja asubuhi amevaa kofia. Wa pili alikuja alasiri, kichwa wazi. Wote wawili walikohoa kabla ya kutaja bidhaa.

— Kuna mtu amewaona pamoja? — aliuliza.

Hakuna aliyewaona pamoja, hata Shahidi, na hilo peke yake liliwashtua.

— Basi ni mtu mmoja, — Kamati alisema. — Anatuuzia chaguo. Tukikataa mkono wa kulia tunamkuta kushoto. Ndiyo maana nasema haraka haraka haina baraka, tuchague upesi kabla hajarudi mara ya tatu.

Nati alifungua mdomo, akaufunga. Bi Birika alimwona. Katika miaka yake amewaona wanaume wengi wakifungua mdomo na kuufunga, na hakumbuki hata mmoja aliyekuwa akimficha mkewe zawadi.

Shahidi hakukubali kuzidiwa. Alisema kina Kamati wanatazama muuzaji, na muuzaji ni dagaa tu. Papa ni mtengenezaji. Huko silinda zinakotengenezwa, kuna fundi maalumu, kazi yake ni kutia ndani kitu kidogo kama mbegu ya mchicha. Kitu hicho kinahesabu. Kikifika siku yake, kinatafuna mipira yote, mafuta yanapita yanakotaka, nanyi mnarudi dukani na kofia mkononi.

— Hii ya pili iliyokufa mashineni juzi ilikaa muda gani? — aliuliza kama wakili.

— Miezi minane, — alisema Nati.

— Na ya kwanza, iliyokufa kabla yake?

— Ya kwanza ilifanya kazi miaka mitatu bila kukohoa. Halafu ikaanza kuvuja kwa ghafla.

— Mbegu iliota, — alisema Shahidi, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Bi Birika alimwongezea nusu. Alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa nyuma ya mlango wa chuma, ambako bintiye alikuwa akifagia chini ya mashine na kuimba ovyo kama kawaida yake. Wanaume hawa wangeweza kubishana mpaka saa nne, na saa kumi, na kesho. Hakuna kati yao ambaye angeingiza mkono wake mle. Alikuwa na mashaka yake mwenyewe, ameyaweka tumboni tangu Jumatatu, na mashaka ya Bi Birika hayalali njaa.

Kwanza, silinda iliyotaka kumla bintiye ilitolewa ndani Jumatatu. Siku hiyohiyo Nati akaibeba mpaka nje, akatoa matofali ya ziada, akaiweka iwe mguu wa pili wa benchi. Ile ya kwanza ilikaa uani wiki nzima kabla ya kuwa mguu. Hii haikukaa hata saa. Ni maiti gani inazikwa kabla haijapoa? Pili, tangu siku hiyo mkwe hamtazami usoni. Adabu ni adabu, lakini hata adabu huwa na salamu. Tatu lilikuwa lile ambalo Shahidi alikuwa amemnong'oneza jana, na sasa alimwambia alitoe hadharani.

Shahidi alijikuna shingo. Maneno ya pembeni hayakumsumbua. Ya mbele ya mwenyewe yalimtoa jasho.

— Jumatatu alasiri, — alisema, — nilichungulia kwenye ufa wa mlango huu. Kwa nia njema. Nikamwona fundi ndani ya mashine, amepiga magoti. Alikuwa amening'iniza nati kwenye uzi. Nati inacheza, yeye anaitazama, midomo inakwenda.

Kamati aliweka kikombe chini.

— Uzi wa rangi gani? — aliuliza.

— Sikuuona vizuri.

— Kama ni mwekundu ni jambo jingine.

— Ulikuwa uzi wa kushonea magunia, — alisema Nati. — Nilikuwa napima. Na midomo ilikuwa inahesabu.

— Unapima nini kwa nati na uzi, wakati una tepu mfukoni? — Shahidi aliuliza, na Nati akatazama miguu yake.

Kamati alianza kueleza habari za mashine moja ya ofisini kwao zamani, iliyokuwa ikipiga chapa yenyewe watu wakitoka, mpaka ikaitiwa mtaalamu na ikakutwa na nywele. Bi Birika alimkata. Alilitua birika, akaukunja ule mkono wa shati mara mbili juu ya goti, akageuka kwa mkwe wake mwili mzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mahari.

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, — alisema. — Mimi sijui nondo wala sijui kuchomelea. Darasani nilifika la pili nikarudi kuchota maji. Lakini najua fundi asiye na kitu cha kutengeneza hana kazi. Niambie hapa, mbele ya hawa wapuuzi wawili. Mashine hii unaiua wewe?

Wale wapuuzi wawili hawakunywa. Ndani, bintiye aliacha kuimba.

— Hapana, Mama, — alisema Nati.

— Basi inauawa na nani?

Nati aliinua macho. Yalipita begani mwa mama mkwe, yakafika kwenye mlango wa chuma, yakakaa hapo kidogo, yakashuka. Bi Birika alilijua jicho hilo. Ni la mtu anayepima atokee wapi.

Wakati huo lori likasimama kando ya ukuta, na dereva akashuka. Alikuwa mwanamke mnene wa kimo kifupi, amevaa buti za mpira, mgeni wa njia hii. Alisema ametumwa kuchukua marobota, na pale getini ameambiwa hakuna robota hata moja kwa sababu mashine imekufa. Aliuliza kama mtu anaweza kupata kahawa huku akisubiri. Kamati alimwambia karibu dada, kikao kiko kwenye mambo mazito ya silinda, lakini anaweza kusikiliza.

Dereva aliweka buti kwenye fimbo iliyochomoza chini ya benchi, akakwangua tope kama wafanyavyo wote. Akasita. Akakwangua tena kwa upande mwingine. Kisha akainama, jambo ambalo hakuna mtu wa benchi lile aliyekuwa amewahi kulifanya kwa muda wote waliokalia vyuma vile, akaipitishia fimbo kiganja, juu na chini. Akahamia mwisho wa pili wa ubao, akamwomba Shahidi asogeze miguu, akapapasa na fimbo ile nyingine.

— Hizi zimetoka kwenye mashine hiyo ya ndani?

— Zote mbili, — alisema Kamati. — Marehemu wawili. Hii ya nondo, hii ya kuchomelewa.

— Zote zimelika upande mmoja. Huku laini kama kioo, huku kama msasa. — Dereva alifuta kiganja kwenye suruali. — Mashine yenu inaelemea wapi?

Kamati alimtazama Shahidi. Shahidi alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye sanduku lake, ambako viatu vya mtaa mzima vilikuwa vimepangwa. Kahawa iliendelea kuchemka peke yake.

— Wewe, — Bi Birika alimwambia Shahidi. — Mtu akikuletea kiatu kisigino kimelika upande mmoja, unamwambia nini?

— Namwambia kiatu hakina kosa, — alisema Shahidi kwa sauti ya chini. — Namwambia anatembea upande.

— Na ukimshonea kisigino kipya?

— Anarudi baada ya muda uleule.

Bi Birika hakumtazama tena. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na kuhesabu ndilo somo alilotoka nalo shule. Alihamia kona hii mvua zilipoanza, mwaka jana. Silinda ya kwanza, ile iliyokaa miaka mitatu bila kukohoa, ilikufa miezi minane baada ya yeye kuweka jiko hapa. Ya pili miezi minane. Aliinua mkono nyuma, akaugusa mlango wa chuma, wenye joto zuri la makaa yake. Alikumbuka sasa kilichokuwa kikifanyika hapa kabla yake: mikokoteni ya maboksi ilikuwa ikisimama barabarani, mlango huu unafunguliwa, na mashine inalishwa kwa midomo miwili, huu wa barabarani na ule wa uani. Tangu akae yeye, mikokoteni inazunguka.

— Mkwe, — alisema. — Maboksi yote sasa yanaingilia uani?

— Ndiyo, Mama.

— Yanajaa upande gani?

— Wa uani. Wa huku unabaki tupu. — Nati alizungumza na kikombe. — Bamba likishuka linakuta mlima upande mmoja na shimo upande mwingine. Linainama. Fimbo inajisugua upande, inakwaruza mipira, mafuta yanapita. Ule uzi wa nati, unaoning'inia wima, ulinionyesha bamba limekwisha pinda. Nitalinyoosha, lakini likiendelea kulishwa upande mmoja litapinda tena. Ya nondo itakufa, na ya kuchomelewa itakufa. Ya kuchomelewa itachukua mwezi mmoja zaidi.

— Umejua tangu Jumatatu.

— Tangu Jumatatu.

— Ukaniletea silinda uifiche chini ya makalio ya wateja wangu.

— Ningesemaje, Mama? — Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. — Nikuambie ondoka? Mimi? Nilifikiri nitapata chuma kigumu cha kutosha, nisiwe na haja ya kusema.

Bi Birika aliunyanyua ule mkono wa shati kutoka gotini, akauning'iniza mbele ya mkwe wake, uzi mmoja umeshuka begani.

— Heshima ya namna hii, — alisema, — huletwa na watu wanne wameibeba mabegani.

Mkwe aliinamisha kichwa. Kamati alikohoa, akasema pengine hapa kuna haja ya kuunda kamati ndogo, watu wawili au watatu, wachunguze uwezekano wa kulisogeza jiko nusu hatua, maana hata bosi alikubali mwenyewe kwamba nyumba njema si…

— Imalizie methali, — alisema Bi Birika.

Hakuimalizia.

Dereva, ambaye hakujua ameingia nyumba ya nani, alinyoosha mkono akiomba kikombe chake kama hawajali. Shahidi naye alinyoosha chake, cha kuongezewa nusu iliyobaki. Mbali kidogo, getini, gari la bosi lilikuwa linapiga honi lifunguliwe.

— Kahawa imekwisha, — alisema Bi Birika.

Wote walisikia birika likipiga mawimbi alipoliinua, limejaa zaidi ya nusu. Alilitua chini ukutani, akasukuma kigoda kwa mguu, akauzungusha mkono wa shati kwenye sikio la jiko, akaliinua jiko na makaa yake yote, akaanza kutembea kuelekea upande wa pili wa barabara, kwenye upepo, mgongo umepinda.

— Inukeni hapo, — aliwaambia bila kugeuka. — Ubao ni mzito.